Kumbe panya washapona

Usingizi umekataa. Sauti ya wifi haitoki kichwani.

Jumapili tulikuwa uani tunamenya viazi, Twaha kalala mkekani baada ya degedege la asubuhi (homa ikipanda tu, mnajua mambo yake). Nikamsimulia wifi nilichosoma: kuna buibui wa manyoya (tarantula) Afrika Magharibi, wa Togo na majirani zake, Heteroscodra maculata. Sumu yake imetuliza kifafa cha Dravet, hicho hicho daktari anachomshuku nacho mtoto.

"Kimemtulia nani?"

"Panya, wifi. Wa maabara, Australia, 2018."

Akamaliza kiazi alichoshika, akakitupia sufuriani. "Kumbe panya washapona."

Basi. Harusi ya Rehema imepita salama, baba watoto kapata barua ya uhamisho kwenda Korogwe, na mimi bado nipo kwenye hiyo "washapona". Alikuwa ananikejeli? Wifi akikasirika humwita mtu jina lake lote, na hakuniita. Ile "kumbe" aliivuta kidogo. Ndiyo inayoniuma, ule mvuto.

Nikaamka nikaisoma tena ile habari, na jamani, ni tamu! Mwenye Dravet mara nyingi ana nakala moja mbovu ya jeni, kwa hiyo seli zinazotuliza ubongo zinapungukiwa milango ya sodiamu iitwayo Nav1.1. Breki zipo, hazishiki. Sasa kwenye sumu ya huyu buibui kuna protini ndogo, Hm1a, inayochelewesha kufungika kwa milango michache iliyobaki, na breki zinashika. Degedege za panya wale zikapungua, vifo pia. Na miaka miwili nyuma, 2016, Hm1a hiyo hiyo ilitangazwa kwa kuumiza! Ndiyo iliyowafundisha watafiti kwamba Nav1.1 inabeba maumivu. Buibui kaitengeneza ili adui ajute, sisi tunataka ilaze watoto. Nilicheka peke yangu gizani.

Nikimweleza wifi haya atauliza sindano inachomwa wapi, namjua. Haichomwi mkononi. Ikipita kwenye damu haivuki kuingia ubongoni, ukiimeza tumbo linaisaga. Panya waliingiziwa kwenye maji ya ubongo wenyewe. Dawa ya sumu ya konokono wa baharini ipo, ya maumivu makali, Marekani waliiruhusu 2004, nayo hupitishwa kwenye uti wa mgongo. Ya tarantula iliyoruhusiwa kwa watu haijapatikana hata moja. Nitamweleza hivyo hivyo Jumapili, na viazi nitamenya mimi.

Halafu kuna hili. Mama mwenye nyumba kapita jioni na fundi, wakapima uwanja kwa kamba kuanzia mwembeni hadi mlangoni kwangu. Nikamsalimia, akaitikia vizuri tu, akaniuliza watoto hawajambo. Kamba hakuitaja.