Safari ya Shilatembo, pale walimuulia Lumumba

Tulitoka Kamalondo asubuhi, mimi, baba mukubwa na dereva mmoja wa mtaa wetu, tukielekea Shilatembo kwa njia ya Likasi, pale walimuulia Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Lakini hata kabla hatujatoka Lubumbashi mzee akasema tuzunguke kwanza katikati ya mji, maana hutaelewa kitu kule porini kama hujaona hapa watu walivyotenganishwa.

Na kweli. Kamalondo ndiyo ilikuwa "cité" ya kwanza ya weusi, na kati yake na mji wa Wazungu, Wabelgiji waliacha eneo tupu kwa makusudi, wakisema ni mambo ya afya, eti mbu wa malaria wanaotoka kwa weusi wasifike kwao. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana kule. "Mutoto, saa ikifika unarudia kwenu, bila karatasi polisi wanakushika," mzee akasema. Tukasimama mbele ya nyumba moja ya zamani, baraza pana, miti ya jakaranda, halafu nyuma kabisa karibu na ukuta kuna kijumba cha chumba kimoja, mlango umegeukia ukutani. Boyeri hiyo. Boyi alilala humo, anafua, anapika, analea watoto wa watu, lakini hakutakiwa aonekane kutoka barazani. Leo kuna familia nzima inapanga humo. Niliuangalia ule mlango muda mrefu kweli, maana mtu aliyechora nyumba ile alikaa na rula na kalamu akafikiria hadi upande wa kufungulia mlango ili mtu asionekane, na hasira ilinipanda.

Tukapita peaji, pale pa kulipia barabara, tukaingia kwenye msururu wa malori ya madini, vumbi, honi, vichuguu virefu kuliko gari. Njiani mzee akawa anamwelezea dereva, kijana ambaye anajua jina Lumumba basi, kwamba yule mtu alifanya kila kitu Wabelgiji walichotaka. Alizaliwa Onalua, Sankuru, 1925, akawa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya sasa, akasoma usiku na mchana, akaandika magazetini. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na karatasi ya kumfanya mweusi "evolye", yaani aliyesoma na kuishi Kizungu, ahesabiwe karibu na Mzungu mbele ya sheria, na kuipata ilibidi wakuchunguze mpaka nyumbani, unaishije na mke wako, mezani mnakulaje. Lumumba aliipata 1954. Na baada ya karatasi yote hiyo bado alikuwa mweusi tu, mshahara sio ule wa Mzungu aliye kazi moja na yeye.

Ndiyo maana mimi siwezi kusikia watu wakisema hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa ya hasira bure. Mfalme Baudouin alikuwa amesimama pale akamsifu Leopold II, yule mfalme aliyeifanya Kongo mali yake, yaani siku ya uhuru wetu anamsifu Leopold! Lumumba hakuwa hata kwenye programu, akasimama akataja vitu ambavyo kila mtu pale alivijua, nyumba nzuri za Wazungu na vibanda vya weusi, sinema na hoteli tulizofungiwa, meli ambayo mweusi anasafiri chini kabisa miguuni pa Mzungu aliye kwenye kabini. Miezi saba haikutimia, wakamuua.

Shilatembo ni pori la miombo, kama kilomita 50 kutoka mjini. Tarehe 17 Januari 1961 walimleta kwa ndege mpaka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, yeye na wenzake wa siasa Mpolo na Okito, wamepigwa njia nzima, wakawekwa nyumba ya Mbelgiji mmoja, Brouwez, wakapigwa tena, usiku wakaletwa huku wakasimamishwa kwenye mti mmoja mmoja wakapigwa risasi. Afisa wa Kibelgiji ndiye aliyeongoza kikosi. Kisha polisi mwingine Mbelgiji, Gerard Soete, akafukua miili, wakaikata, wakaiyeyusha kwa asidi, na yeye akajiwekea meno kama vile mwindaji. Binti yake Lumumba, Juliana, alimwandikia mfalme Philippe mwaka 2020 kudai kilichobaki cha baba yake. Jino moja lilirudishwa Juni 2022, likapitishwa hapa hapa, likaenda kuzikwa Kinshasa. Mtu mzima wa miaka 35 na watoto, jino moja.

Dereva akauliza kitu ambacho wengi mjini hawapendi kuulizwa: si Tshombe, rais wa Katanga iliyokuwa imejitenga, na mawaziri wake walikuwepo? Si ni sisi Wakatanga pia?

Mzee hakukwepa. Akasema walikuwepo, na aibu hiyo ni yetu. Lakini nani alituandika kwenye vitabu huyu Mluba wa Kasai, huyu Mbemba, huyu mwenyeji, huyu mgeni, akawaleta watu wa Kasai kwa treni kuchimba shaba halafu akatuambia wamekuja kuchukua kazi zenu? Akamkumbusha na 1992 na 1993, Wakasai walivyofukuzwa Katanga, familia zimelala stesheni ya Likasi zinasubiri treni. "Wale batu hawakukuwa Wazungu, tulikuwa siye na majirani yetu. Ile karatasi ya kutupanga bado tuko nayo mu kichwa."

Dereva akamuuliza tena, sasa wewe mzee ulifanya nini wakati ule Wakasai wakifukuzwa, na mpaka tunafika peaji ya kuingilia Lubumbashi walikuwa bado wanabishana.