Madoa ya buluu
Jana hapa maabara Entebbe nilikaa mpaka giza likaingia, nahesabu madoa kwenye sahani ya vishimo 96. Kila doa ni alama ya seli T moja, askari wa kinga kwenye damu, iliyotambua kipande cha virusi vya Ukimwi ikatoa interferoni, protini ya kuamsha kinga. Kishimo kimoja kilijaa hadi nikamwita dada wa zamu aje aone. Virusi hivi hubadilika kila uchao, kingamwili zikaachwa nyuma. Ndiyo maana antijeni mpya, yaani vipande vya chanjo vya kuifunza kinga, huundwa kwa zile sehemu za protini ambazo virusi vikizibadilisha, vyenyewe vinadhoofika. Mwaka 1999 Waganda 40 walijitolea kwa jaribio la kwanza la chanjo ya VVU Afrika. Nawaheshimu mno. Damu ya jana pia ilitoka kwa aliyejitolea. Kichupa chake nilikishika kwa mikono miwili.