Neno la chaki nyuma ya spika

Jumamosi iliyopita mafundi wa zulia walikuwa waje saa nne, kwa hiyo tuliamka mapema kuhamisha vyombo vya sebuleni. Nilipoivuta spika yangu ya kulia, La Scala ya kampuni ya Klipsch, kutoka ukutani, binti yangu mdogo aliinama nyuma yake, akaita: "Baba, nani kaandika hapa?"

Neno ni moja tu, kwa chaki ya buluu, herufi kubwa zilizolala kidogo upande: NZIMA.

"Babu yako," nikamwambia.

"Nzima ndiyo nini?"

Mnaomjua baba mnakijua kibanda chake cha kutengeneza redio pale Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, na mnaijua desturi yake ya chaki. Redio ikiingia kibandani aliigeuza, akaandika mgongoni jina la mwenyewe na ugonjwa wake. "Mama Asha, haishiki masafa mafupi." "Mwalimu, inakoroma." Ikishapona alifuta ugonjwa kwa kiganja, jina akaliacha, na chini yake akaandika NZIMA. Mtoto yeyote wa mtaani aliyetumwa kuchukua redio alilitafuta neno hilo kwanza kabla hajatoa pesa. Mimi nilijua kulisoma kabla sijapelekwa shule, kwenye migongo ya Philips na National.

Alikuja Dallas mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya mama kututoka. Alikuwa na miaka 74. Wiki ya kwanza alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu chenye skrubu. Simu zimefungwa kwa gundi, televisheni nyembamba kama sinia, hata redio ya jikoni haifunguki. Mwisho akazifikia zile spika zangu mbili za Klipsch, aina ya Heresy, akachuchumaa, akaomba bisibisi.

Nilimweleza jina lake. Mzee Paul Klipsch, mhandisi aliyezibuni, alikuwa na spika moja tu kichwani, ile Klipschorn, kabati kubwa linalosimama kwenye pembe ya chumba na kuzifanya kuta mbili kuwa sehemu ya honi yake. Mwaka 1957 alipotengeneza spika ndogo isiyohitaji pembe, mtu akamwambia huo ni uzushi, "heresy" kwa Kiingereza. Akalichukua neno hilohilo akalifanya jina.

"Bidaa," baba akasema, uso wake ukiwa ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo hakuziita jina lingine. Washa bidaa, zima bidaa.

Ndani alikuta anachokijua: wufa, yaani spika ya sauti nzito, ya inchi 12 kwenye sanduku lililozibwa, na juu yake honi mbili, ya sauti za kati na ya twita, yaani sauti za juu. Honi alizifunga maisha yake yote, kwenye minara ya misikiti na juu ya Land Rover za matangazo. Alikunja viganja mdomoni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Ni baragumu tu," akasema. "Pumzi ndogo inabanwa kooni, halafu inafunguliwa taratibu mpaka ishikane na hewa ya nje. Kikombe hakisumbuki, hewa ndiyo inayofanya kazi." Nimesoma mengi juu ya honi, na sijapata maelezo yaliyonikaa kuliko hayo. Klipsch naye aliamini jambo hilohilo kwa lugha ya kihandisi: spika ikihitaji umeme kidogo kutoa sauti, kiwambo chake hutikisika kidogo, na sauti hupungua kuharibika.

Basi nilipoona tangazo la La Scala mbili za mwaka 1977, karibu na Little Rock, Arkansas, dola 1,100, sikwenda peke yangu. Safari yenyewe sina haja ya kuisimulia. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, mpole, akatusaidia kubeba. Kila moja ina zaidi ya kilo 50. Wakati wa kurudi tulisimama Hope, kamji kadogo ambako Klipsch alianza kampuni yake mwaka 1946, baada ya kuhudumu hapo wakati wa vita kwenye uwanja wa jeshi wa kujaribia mizinga. Nilimwambia baba kwamba za mwanzo zilijengwa kwenye kibanda cha bati. Aliteremka garini, akasimama kandokando ya barabara na kofia yake ya mkono akiuangalia mji, kisha akarudi kukaa. Mwendo mrefu hakusema kitu. Tulipofika Texarkana akauliza, "Bati kama letu?"

Nikasema nadhani hivyo.

Tulizishindanisha siku nne. Anayetaka kufanya kazi hii aanze na sauti kuwa sawa, maana sikio huipenda yenye kelele zaidi na kuiita bora. Heresy hutoa kama desibeli 96 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, La Scala 104. Tofauti hiyo ya 8 maana yake La Scala inahitaji takriban sehemu moja ya sita ya umeme kufikia sauti ileile. Kila tulipobadilisha waya baba aliweka redio katikati ya stesheni mbili, kwenye ule mvumo mtupu, akaipandisha au kuishusha mpaka mvumo ulingane, ndipo tukaweka muziki. Hakusoma namba popote.

Heresy ni spika nzuri, nisije nikazisengenya. Lakini ngoma ikipigwa kwenye La Scala unaisikia ngozi. Wufa yake ya inchi 15 huioni, imefichwa ndani ya mbao zilizokunjwa, na sauti nzito inatoka kwa njia ya honi kama zile nyingine. Haishuki sana, chini ya hezi 50 hivi (mitetemo 50 kwa sekunde) inaaga, na mwenye mazoea ya sabufa atalalamika. Baba hakulalamika. Nilipomweleza kwamba zilitoka mwaka 1963 kwa ajili ya kampeni ya Winthrop Rockefeller aliyetaka ugavana wa Arkansas, alicheka kwa furaha. "Kumbe ni za jukwaani! Ndiyo maana zinasema na watu."

Kasoro mbili alizigundua mwenyewe. Honi ya kati ni ya alumini. Aliigonga kwa kucha ikalia tiiing. "Sinia la pilau," akasema, tukaipaka utepe mzito wa lami kwa nje mpaka ikanyamaza. Ya pili aliikuta kwa mkono. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa sanduku besi ikipiga, akaniambia niweke changu. Ubao wa plaiwudi ulikuwa unapumua.

Kisha nikafungua krosova, kifaa cha ndani kinachogawa sauti nzito, za kati na za juu.

Hapo ndipo nilipokuwa na hamu napo tangu mwanzo. Ndani ya krosova ya miaka ile, ile waliyoiita AA, kuna kapasita tatu, vihifadhi umeme vyenye umbo la kopo la bati, zimejaa karatasi na mafuta: moja ya maikrofaradi 13 inayopeleka sauti kwenye honi ya kati, na mbili za maikrofaradi 2 za twita. Zilikuwa na miaka 36. Nilizipima. Ujazo haukupungua, ila ukinzani wa ndani ulipanda, kama mrija uliojaa kutu: maji bado yanapita lakini yanasukumana. Nilishaagiza mpya za plastiki kwa spika zote mbili. Nikaanza na ya kushoto. Baba alinishikia tochi, na moshi wa risasi ya kulehemu ulipopanda alifumba macho akauvuta kama mtu aliyepita mlango wa jikoni kwao. Makopo nilimkataza kuyatoboa, maana mafuta ya kapasita za kabla ya 1979 huenda yana PCB, sumu ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka huo. Nikayafunga kwenye mfuko.

Saa tano usiku ya kushoto ilikuwa imekwisha, mpya ndani, ya kulia bado na makopo yake. Nikasema tulale, kesho tumalizie.

"Ngoja," akasema. "Kwanza tusikie."

Alikwenda chumbani akarudi na santuri aliyokuja nayo kutoka Tanga katikati ya mashati yake. Ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, mono, taarabu ya miaka ya sabini. Sikujua kama kaja nayo. Alinieleza hapo hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba yeye ndiye aliyemfungia vyombo bibi aliyeimba humo, usiku mmoja kwenye harusi, maikrofoni moja na honi mbili, akakaa mita tatu kutoka kwake mpaka alfajiri.

Mono ni kitu kizuri kwa kazi hii. Spika zote mbili zinapata kilekile, sawa kwa sawa, na kitufe cha balansi kinakupeleka kutoka moja hadi nyingine bila kubadilisha waya. Baba alikaa chini, mgongo ameupa spika, miguu ameikunja, kofia ameivua ameiweka gotini. Akaniambia nizungushe nitakavyo, nisiseme kitu.

Nilianza katikati. Kodiani, besi, halafu sauti ya yule bibi. Nikazungusha kushoto. Mungu wangu. Pazia liliondoka. Pumzi yake kabla ya neno, ulimi ukigusa meno kwenye herufi "s", vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Sikupata kusikia santuri ya aina ile ikiwa wazi hivyo. Niliiacha hapo ubeti mzima kwa sababu nilikuwa nafurahi. Kisha nikazungusha kulia, na chumba kikapunguka mwanga. Mambo yote yapo, lakini yamesogea nyuma, kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango ukiwa wazi.

Mabega ya baba yakashuka.

Nikarudi kushoto. Akainua kichwa, akasikiliza kwa adabu. Nikapeleka kulia. Aliinua mkono wa kuume polepole, kiganja wazi, kama anayezuia mtu asipite. Niliacha. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, sindano ikaingia kwenye duara la katikati ikawa inakwaruza, kwa-cha, kwa-cha, na mkono wake bado uko juu.

"Huyu ndiye," akasema.

Nilimweleza. Kwa upole, wallahi, lakini nilimweleza. Kwamba anachokipenda ni uchakavu. Kwamba kapasita mpya ndizo zinazotoa kile alichokikusudia Klipsch mwaka 1977, na nina mita ya kuthibitisha. Na nikasema neno moja ambalo leo ningelirudisha: kwamba masikio ya umri wake hayasikii juu sana, na pengine twita mpya haimfikii.

Hakuudhika. Alivaa kofia. "Mwanangu, twita sikuitaja. Nasema koo. Yule bibi alikuwa na kokoto kooni. Kule umemwosha."

Nililala nikilifikiria hilo, na asubuhi likaniumiza zaidi. Twita ya La Scala inaanza kazi kwenye hezi 6,000. Sauti ya mtu haikai huko, inakaa chini yake, kwenye honi ya kati, ambayo inalishwa na ile maikrofaradi 13 niliyoibadilisha. Masikio ya miaka 74 yalikuwa na kila haki ya kusikia pale. Je, makopo yaliyochoka yalifanana kwa bahati na honi mbovu za harusi ile? Au santuri ile ilirekodiwa kwa ukali, na ukungu wa makopo ukaurekebisha? Au alikuwa anamsikia bibi wa mwaka ule, sio spika kabisa? Nimeyazungusha maswali haya miaka yote, na kila jibu ninalolishika lina pale linapovuja.

Nilipotoka kazini jioni nilikuta La Scala ya kulia imegeuzwa. Jinsi alivyoigeuza peke yake sijui. Chaki ilikuwa ya mwanangu mkubwa, zile nene za kuchorea barazani. Kibao cha nyuma kimefutwa vumbi, na neno lipo.

Alirudi Tanga mwezi uliofuata. Mbavu za masanduku nimezikaza kwa mbao, Heresy nimempa mdogo wangu aliyeko Houston. Kapasita mpya za upande wa kulia bado ziko kwenye droo, ndani ya mfuko wake, risiti imefifia. Wageni wenye masikio mazuri huniambia muziki umeegemea kushoto, na wanasema kweli. Mwaka 2019, wiki tuliyomzika, niliporudi Dallas nilichukua bisibisi nikazifungua skrubu nne. Nikazifunga.

"Baba! Nzima ndiyo nini?"

Nikamwambia maana yake haijaharibika. Inafanya kazi. Halafu nikamwambia kwamba mtu naye husemwa hivyo, mzima, yaani yu hai, hana ugonjwa. Alifikiri kidogo, akaitazama ile ya kushoto, akaizunguka nyuma kuangalia.

"Hii haikuandikwa. Inaumwa?"

Kengele ya mlango ikalia, mafundi wa zulia wamefika. Kazi yao walimaliza saa nane mchana. Niliirudisha ya kushoto mpaka ikagusa ukuta, na ya kulia nikaiacha nafasi ya vidole vinne, chaki isifutike.