Nguo Mikononi mwa Wajane

Wapendwa katika Bwana, amani ya Kristo iwe nanyi nyote.

Andiko la juma hili ni Matendo ya Mitume 9:36–42. Ukipata nafasi soma pia Hesabu 20:1–2 na Mwanzo 49:29–31.

Katika kipindi kifupi tumewazika mama zetu kadhaa, mmoja akifuatana na mwenzake, hata udongo wa kaburi la kwanza haujatulia tayari tumerudi na jeneza jingine. Nimesikiliza wasifu wa kila mmoja wao. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua, akafariki. Kisha maneno mawili matatu: mcha Mungu, mpole, mchapakazi. Hakuna la uongo hapo. Lakini ungebadilisha jina tu, ukausoma wasifu uleule kwenye kaburi la jirani yake, asingeshtuka mtu. Jambo hili limenikaa moyoni, maana mama hawa niliwafahamu, na hawakufanana hata kidogo.

Sasa tazama jinsi Luka anavyotueleza habari za Dorkasi wa Yafa, aitwaye pia Tabitha. Hatuambii alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Hatuambii kama alikuwa na mume au watoto. Wengi hudhani naye alikuwa mjane, ila Maandiko hayasemi. Tunaloambiwa ni kwamba alikuwa mwanafunzi, amejaa matendo mema na sadaka alizozitoa, akaugua, akafa, wakamwosha, wakamweka orofani. Wanafunzi waliposikia kwamba Petro yuko Lida, mji wa jirani, wakatuma watu wawili kumsihi asikawie. Petro alipopandishwa chumbani akawakuta wajane wamesimama, wanalia, huku wakimwonyesha “zile kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona wakati ule alipokuwa pamoja nao.”

Luka hatuambii kwamba kuna aliyesimama kumweleza Petro kuwa marehemu alikuwa mkarimu. Petro aliuona mshono.

Nguo ya kushonwa kwa mkono humlazimu mshonaji amtazame vizuri atakayeivaa. Ni lazima ajue urefu wa mikono yake na upana wa mabega yake. Ajue pia kama huyu anahitaji nguo ya kazi au ya kujifunika usiku. Kwa hiyo kila kanzu iliyoinuliwa mle chumbani ilikuwa inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba Dorkasi alikuwa na mikono yenye bidii, na kwamba alikuwa na macho. Alikuwa anawaona watu. Neno “mkarimu” peke yake lisingeweza kubeba hayo.

Angalia pia ni nani waliosimama kutoa ushuhuda. Wanafunzi wa Yafa walikuwapo, na mtume mwenyewe amefika, lakini Luka anawaonyesha wajane. Hao ndio waliomjua marehemu kwa yale aliyowatendea. Petro ameitwa kwa haraka, na angeweza kuwaambia, “Basi, nimeelewa, tupisheni tuombe.” Luka hasemi kwamba aliwakatiza. Aliwatoa nje baadaye, wakati wa kupiga magoti ulipofika. Kwanza walilia na kuonyesha walichokuwa nacho.

Ndiyo maana leo nataka tuziinue nguo za mama zetu.

Mmoja hakujua kusoma, na wengi mtashangaa kusikia hivyo, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyezijua Zaburi kama yeye. Alikuwa akimwita mtoto aliyemwona akipita karibu na nyumba yake: “Njoo unisomee kidogo, macho yangu hayaoni.” Mtoto anasoma kwa kujikwaa, naye anamsahihisha kwa kichwa, kwa upole, neno kwa neno. Mtoto anarudi kwao akijiona amemsaidia bibi. Baadhi yenu mnaosoma masomo kanisani leo bila kubabaika mlifundishwa kwenye kizingiti kile, na nadhani mpaka leo mlikuwa hamjui kwamba mlikuwa darasani.

Mwingine alikuwa mkunga. Wengi wenu waliosimama kuzunguka kaburi lake, mikono iliyowapokea duniani ilikuwa imelazwa ndani ya jeneza lile, na hakuna aliyelitaja hilo. Tulitaja idadi ya wajukuu zake. Sikuwahi kusikia amekataa kuamshwa usiku, wala sikusikia amewahi kusimulia siri ya chumba chochote alichoingia. Hilo la pili nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. Katika jamii ndogo, ambamo habari ya asubuhi inafika kila nyumba kabla ya jua kuzama, mwanamke aliyeona udhaifu wa kila familia akaondoka nao wote kifuani ametuachia sadaka ambayo hatuwezi kuipima.

Yuko pia yule ambaye ulimi wake ulikuwa mkali. Nalisema wazi, na nalisema kwa upendo. Katika wasifu wake tulimwita mpole, na naona watoto wake walitazama chini. Hatuna sababu ya kuogopa ukweli mbele za Mungu. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema, kisha akakana kwamba amecheka, na Biblia imeliacha jambo hilo pale pale, tunalisoma hadi leo. Huyo huyo Sara ndiye mwanamke pekee ambaye Maandiko yanataja umri wake alipofariki, miaka 127, na Ibrahimu alikuja akamlilia. Alimlilia mke aliyemjua, aliyecheka na kukana na kukasirika na kumfuata mumewe mpaka nchi ya ugeni. Mama yetu huyu alikuwa mkali, ndiyo. Ukali huohuo ndio uliomfanya asimame katikati ya majirani wanaogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba na kuwaambia kila mmoja kosa lake usoni. Alikumbuka nani alipanda mti upi, na mwaka gani. Wakubwa kwa wadogo walimsikiliza. Na wote mnajua kwamba tangu tumzike, ugomvi wa mipaka umerudi.

Hapo ndipo kitabu cha Hesabu kinanigusa. Sura ya 20 inasema Miriamu alifariki Kadeshi, akazikwa huko. Sentensi inayofuata mara moja: hapakuwa na maji kwa mkutano. Katika sura hiyohiyo Haruni anafariki na Israeli wote wanamwombolezea siku 30. Musa naye, mwishoni mwa Kumbukumbu la Torati, anaombolezewa siku 30. Kwa Miriamu hakuna siku zilizoandikwa. Huyu ndiye aliyeongoza wanawake kwa matari baada ya kuvuka bahari, na Wakristo wengi tunaamini ndiye yule dada aliyesimama mbali akikilinda kisafina cha mtoto Musa mtoni. Anapewa nusu ya aya, kisha watu wanaanza kulalamika juu ya kiu.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani walizisoma aya hizi mbili pamoja, wakafundisha kwamba kisima kilichowanywesha Israeli jangwani kilitolewa kwa ajili ya Miriamu, na alipoondoka nacho kikaondoka. Mafundisho hayo hayamo katika Biblia yetu, na simlazimishi mtu kuyashika. Lakini waliona jambo ambalo sisi tunaliruka tunaposoma. Kuna watu ambao kazi yao haionekani mpaka siku inapokoma. Nani sasa anajua ni mgonjwa yupi hajatembelewa? Nani anakumbuka kwamba yule mzee anayeishi peke yake huwa haombi msaada hata akizidiwa? Zamani habari hizo zilifika kanisani zenyewe, au ndivyo tulivyodhani. Hazikuwa zinakuja zenyewe. Kulikuwa na mama aliyezileta, akizunguka kwa miguu nyumba hadi nyumba, na wengine tulimwona kama mtu asiye na kazi.

Juu ya mama yetu ambaye hakujaliwa kuzaa nitakaa kidogo zaidi. Wasifu wake ulikuwa mfupi kuliko wote. Sehemu ya watoto ilipofika, msomaji alisita, akaruka. Dada zangu, kaka zangu, kimya kile kilinichoma. Katika Warumi 16 Paulo anawasalimu watu wengi kwa majina, na miongoni mwao wamo wanawake wengi: Foibe anayemtambulisha kwao, Priska, Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persisi, Yulia. Anapofika kwa Rufo anamsalimu pamoja na mama yake, ambaye, anasema Paulo, ni mama yangu pia. Jina la mama huyo halikuandikwa, wala hatuelezwi alimtendea Paulo nini. Lakini mtume aliyesafiri kutoka mji hadi mji alikuwa na mwanamke mahali fulani aliyemwita mama, ingawa hakumzaa yeye. Ukisoma hivyo, sehemu ile ya wasifu isingerukwa. Palipaswa kusimama kijana yule aliyelipiwa kila alichohitaji shuleni kwa mazao ya shamba lake. Palipaswa kusimama binti aliyekimbilia kwake usiku alipofukuzwa nyumbani, akafunguliwa mlango bila kuulizwa swali. Walikuwapo wote wawili makaburini. Hakuna aliyewaita mbele.

Najua kuna anayesoma haya na swali moyoni, kwa sababu binti mmoja wa marehemu aliniuliza waziwazi: Dorkasi alifufuliwa, mama yangu mbona hapana? Tuliomba sisi pia. Tulikesha.

Sitalijibu swali hilo kwa haraka, wala sitamwambia yeyote kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Nitasema ninachokiona katika andiko. Petro aliomba, akasema, “Tabitha, ondoka,” naye akafumbua macho, akaketi. Akawaita watakatifu na wajane, akamweka mbele yao, hai. Watu wengi wakamwamini Bwana. Lakini Dorkasi hayuko Yafa leo. Kuna siku nyingine, ambayo haikuandikwa, alipougua tena au kuzeeka, akafa mara ya pili. Wakamwosha tena. Pengine baadhi ya wajane walewale walikuwapo, na safari hiyo wakamsindikiza hadi kaburini. Waliomwona akirudi walilazimika kumzika kama tulivyozika sisi, wakiwa na ahadi ileile tuliyo nayo sisi. Kilichotendeka orofani kilikuwa ishara. Tumaini lenyewe liko kwa Yeye aliyesema, “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya waliolala mauti ili wasihuzunike “kama na wengine wasio na matumaini.” Hakuwakataza huzuni. Basi mfiwa, lia. Wajane wa Yafa walikuwa wanalia hata Petro alipokuwa amekwisha kufika.

Yakobo naye, akiwa kitandani pa kufa huko Misri, aliwaagiza wanawe wamzike katika pango la Makpela, lile ambalo Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha. Akaanza kuwataja waliolala humo: Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, kisha akasema, “na huko nikamzika Lea.” Lea, ambaye hakupendwa kama Raheli. Kifo chake hakikusimuliwa popote katika Mwanzo, na bila sentensi hii ya mzee anayekufa tusingejua alizikwa wapi. Mume alichelewa sana kumtaja, lakini alimtaja, na alitaka kulala karibu naye.

Wafiwa wa jamaa zetu hizi bado wako karibu. Juma hili nendeni kwao. Msiende tena na salamu za pole peke yake, maana hizo wamezisikia. Enda na jambo moja ambalo marehemu alikutendea wewe, useme mbele ya watoto na wajukuu zake: siku fulani mama yenu alinifanyia hivi. Huenda hawajawahi kulisikia. Ukiweza kuandika, andika, umwachie mjukuu karatasi hiyo. Paulo alijua imani ya Timotheo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike. Sijui alijuaje jina la bibi, ila naamini kuna mtu aliyemsimulia.

Na wale mnaohisi mmeitwa kuishika kazi iliyoachwa, ya kuwasikiliza watoto wakisoma au kuwazungukia wagonjwa, msisubiri mchaguliwe kwenye kikao. Mama zetu hawakuchaguliwa na kikao chochote.

Yohana alisikia sauti kutoka mbinguni ikimwambia aandike: “Heri wafu wafao katika Bwana tangu sasa. Naam, asema Roho, wapate kupumzika baada ya taabu zao. Kwa kuwa matendo yao yafuatana nao.”

Tuombe.

Baba, uliyewaona mama zetu walipokuwa njiani usiku na taa, walipokuwa shambani wameinama, walipokuwa wakitaja Zaburi gizani, tunakushukuru kwa kila mmoja wao na kwa namna ulivyomuumba. Tusamehe tulipopokea kazi ya mikono yao bila kuwatazama nyuso. Wafariji watoto wao, na yule kijana na yule binti ambao hawakuitwa mbele. Waliogombana juu ya mipaka wape moyo wa kusikilizana, maana aliyekuwa akiwapatanisha yuko kwako. Uwapumzishe mama zetu, utulete nasi kwenye siku ile utakapowaita kwa majina yao, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.