Nyasi za kwetu zilinishika ugenini

Haya, wengi mmeniuliza ule mchujo wa gofu huko South, Afrika Kusini, ulienda aje na nimekuwa nikijibu "tutaongea" tu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuongea. Sikupita. Nilikosa kwa mkwaju mmoja, tena hatua ya kwanza tu ya Q-School ya Sunshine Tour, na kabla hujanipa pole ngoja nikwambie huo mkwaju ulipotelea wapi, maana naujua vizuri, shimo nalijua, fimbo naijua, hata nilichokuwa nafikiria nakikumbuka.

Kwa wale hawafuati gofu, Sunshine Tour ndio tour ya wachezaji wa kulipwa ya Afrika Kusini. Ukitaka kucheza huko msimu mzima lazima uwe na kadi, na kama huna jina kubwa kadi inatafutwa Q-School: unalipa ada yako mwenyewe, unapiga, mikwaju inahesabiwa, walio juu wanaenda fainali na huko fainali tena wanachujwa. Sisi huku tulikuwa na Safari Tour, na ukifanya vizuri ulikuwa unapata nafasi ya Kenya Open. Hiyo Kenya Open iko tangu 1967, Seve Ballesteros, yule nyota wa Uhispania, aliichukua pale Muthaiga, Nairobi, 1978, na 2019 ikapandishwa ikaingia European Tour yenyewe. Mkenya hajawahi kuishinda. Kila mwaka kwa bar mtu lazima aulize mbona, na mimi namwambia buda, hao jamaa wanacheza mashindano ya aina hiyo karibu kila wiki, sisi tunayaonja wiki moja kwa mwaka halafu tunarudi kufundisha members kushika fimbo. Ndio maana nilitaka kadi, si sifa, nilitaka ratiba.

Nauli na ada zilitoka kwa members wawili wa klabu, akiba yangu, na mkopo wa chama cha mama yangu (huo bado naulipa, mama akisoma hii ajue sijasahau). Angalau visa haikunisumbua, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila visa mpaka siku 90.

Sasa mimi nilienda nikiwa na kiburi fulani hivi. Sababu ya kwanza ni mwinuko: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Johannesburg karibu 1,750, kwa hivyo mpira unaruka vile vile tu. Vijana wa pwani, Durban na Cape Town, walikuwa range, pale pa mazoezi, wanapiga wanashangaa fimbo ya chuma namba saba inaenda mbali kuliko walivyozoea, wanaandika andika kwa vitabu vyao, mimi nimekaa nakunywa chai. Sababu ya pili ndio kubwa. Nyasi. Feawei, ile njia ya nyasi fupi unayotakiwa kupigia mpira, ilikuwa kikuyu, na ndio, ni hiyo hiyo, jina limetoka huku kwetu na nyasi zenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikapelekwa huko kusini mwanzo wa karne iliyopita zikashamiri mpaka leo utadhani ni zao. Nilizikanyaga siku ya mazoezi nikacheka peke yangu. Nikajiambia hawa watu wamenileta kucheza uani kwetu.

Kedi wangu, yaani mbeba begi, alikuwa mzee wa pale pale, mpole, Kiingereza chake kichache na changu cha woga. Siku ya kwanza, shimo la tatu hivi, nilimaliza kupiga nikafuta fimbo na taulo mwenyewe nikairudisha kwa begi, akaniangalia akatabasamu, akauliza, wewe ulikuwa kedi miaka mingapi? Nikamwambia minane. Hakuuliza tena. Nilianza kubeba begi nikiwa na miaka kumi na tatu, na mkono haujasahau mpaka leo.

Raundi ya kwanza nilipiga mikwaju miwili chini ya pari, yaani pungufu ya inayotarajiwa, na pungufu ndio vizuri. Ya pili, pari kamili, ilikuwa siku ya kupati vibaya tu, kule kusukuma mpira shimoni, sina hadithi.

Siku ya mwisho ndio hadithi. Tulianza jua kali, kufika saa nane mawingu yakaja meusi kutoka upande mmoja, na wale wenyeji wakaanza kutembea haraka kabla hata sijaelewa kuna nini. King'ora kikalia. Huko radi si mchezo, kikilia unaacha pale pale, hata kama umeshajipanga kupiga unaweka alama na kuondoka. Tukakaa ndani ya gari dogo karibu saa moja na nusu, watu wanne na begi nne, madirisha yamejaa jasho. Nilikuwa moja chini kwa siku hiyo, jumla tatu chini, na nilijua kabisa hiyo inapita. Hapo ndio kosa lilianzia, kwenye kiti cha gari, maana nilianza kupiga hesabu. Nikaanza kuona fainali. Nikapiga hesabu mpaka mmoja wa wale members atakavyoniongezea pesa ya hoteli.

Tukarudi. Shimo la 16, pari nne, mpira wa driva, fimbo ya kuanzia, ukapinda kidogo kulia. Kidogo tu, mita mbili nje ya feawei. Lakini nje ya feawei walikuwa wameacha kikuyu ikakua, na ilikuwa imenyeshewa. Kwenye feawei, ikikatwa fupi, kikuyu ni rafiki, inakunyanyulia mpira kama umewekwa kwa tii, kile kijiti cha kuanzia. Ikiachwa ikue ni mnyama mwingine kabisa, mpira unazama katikati, na majani yanaikamata shingo ya fimbo yanaigeuza kabla haijafika. Mimi huko kwetu nimezoea kikuyu ya klabu, inayokatwa ili members wasipoteze mipira na hasira. Hii ya mashindano nilikuwa naijua kwa jina tu.

Mpira nilikuwa naona nusu yake. Mzee akasimama kando ya begi, hakusema kitu, akaweka kidole juu ya weji, fimbo fupi ya kutoa mpira shidani.

Wacha niseme kuhusu hicho kidole. Hicho kidole nimekiweka mimi mwenyewe mara elfu. Unabeba begi la mtu, mtu yuko kwa rafu, nyasi ndefu, wewe unajua, uwanja unaujua kuliko yeye, lakini hujaulizwa, kwa hivyo unagusa tu fimbo inayofaa na kuangalia pembeni. Na yeye anachukua ile ya mbali. Kila mara. Nilikuwa nikirudi caddie shack, kibanda chetu cha makedi, tunawacheka mpaka machozi.

Nikachukua haibridi, fimbo ya mbali.

Ilikuwa mita 175 mpaka bendera na nikaona mbona nisifike. Fimbo ikashikwa, ikageuka, mpira ukaruka labda mita 20 ukaingia ndani zaidi. Sasa nikachukua weji, wakati haina maana. Nikatoka, nikapiga mpaka grini, pale penye shimo, pati mbili, bogi mbili kwa shimo moja, yaani mikwaju miwili juu ya pari. Ningetoa na weji tangu mwanzo, mbaya kabisa ningeondoka na bogi moja. Huo ndio mkwaju wenyewe. 17 na 18 pari, nikamaliza moja chini kwa jumla.

Halafu unasaini kadi ya mikwaju yako, unakaa na simu, unarefresh. Nyuma yangu kulikuwa na makundi sita hivi. Kwa muda mstari wa kupita ulikuwa kwenye moja chini, mimi niko ndani, nikaagiza hata soda. Kijana mmoja ambaye sijawahi kumuona akapata berdi, mkwaju mmoja chini ya pari, shimo la mwisho na mstari ukasogea kwenye mbili chini, ukakataa kurudi. Soda ikabaki nusu.

Mzee nilimlipa tulivyokubaliana na juu yake kidogo. Nilitaka kumwomba msamaha kuhusu ile weji nikashindwa niseme aje, nikamshika tu mkono. Nafikiri alielewa. Au labda alikuwa anaenda tu kucheka na wenzake, na angekuwa na haki.

Saa hii niko nyumbani. Nimeongea na jamaa anayesimamia nyasi pale klabuni, ameniachia kipande nyuma ya range, kama mita tano kwa tano, hakikatwi wiki ya tatu sasa. Asubuhi kabla members hawajafika namwagia maji, natupa mipira hamsini, napiga weji. Juzi mzee mmoja wa klabu alipoteza mpira wake hapo, amelalamika kwa ofisi kwamba kuna mahali wafanyakazi wamesahau kukata.