Programu ya kikoba kwa lugha ya C: wiki ya kugawa mafaili

Jumamosi. main.c imefika mistari 900, nimechoka kuisogeza juu chini. Nimeigawa: main.c, wanachama.c, mikopo.c, na heda moja (faili la matamko ya pamoja), kikoba.h, inayoitwa na mafaili yote matatu.

Mara kosa, mstari wa 3 wa mikopo.c. Nimeukodolea macho dakika ishirini, mstari hauna hata doa. Kumbe nilisahau nukta-mkato baada ya mabano ya struct (kifurushi cha taarifa za mwanachama) mwishoni mwa heda. Kompaila, inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, huibandika heda kwanza ndipo iendelee na faili, basi ikashtukia kosa ikiwa imeshaingia kwa jirani.

Jumapili. Sasa kila faili linakompaili, ila kwenye kuyaunganisha yawe programu moja: "multiple definition of `idadi'", yaani idadi imefafanuliwa zaidi ya mara moja. Niliandika int idadi ndani ya heda. Nikaweka #ifndef, wapi! Ile huzuia heda kusomwa mara mbili ndani ya .c moja tu, kila .c bado inatoka na idadi yake. Laptopu yangu ya zamani yenye kompaila ya GCC 9 ilikuwa inalinyamazia hili. Tangu GCC 10 ya 2020 hakuna huruma. Heda imebaki na extern int idadi (tamko tu kwamba ipo kwingine), na idadi yenyewe inakaa wanachama.c.

Jumatano. Hii ndiyo imeninyima usingizi, maana hapakuwa na kosa hata moja kwenye skrini. Niliongeza simu kwenye struct, kati ya jina na hisa. make, chombo kinachokompaili mafaili yaliyobadilika, ikapita kimya. Nikafungua ripoti ya mikopo: mwanachama wa kwanza ana hisa 892679984. Tajiri!

Nikaichapa kwa %x, yaani kwa heksadesimali: 35353730. Kwenye ASCII (orodha ya namba za herufi), 30 ni tarakimu 0, 37 ni 7, 35 ni 5. Intel huanza kuhifadhi baiti ya chini, hivyo ukisoma kutoka nyuma unapata 0755. Hisa gani hizo, ni mwanzo wa namba yake ya simu!

Makefile yangu (maelekezo ya make) haikujua kwamba mikopo.o, yaani mikopo.c iliyokwisha kompailiwa, inategemea kikoba.h, kwa hiyo ilikompaili wanachama.c niliyoigusa na kuiacha mikopo.o ya juzi, inayotafuta hisa pale pa zamani. Nimeongeza -MMD kwenye CFLAGS (vigezo vya kompaila) ili iandike kila .c inategemea heda zipi, na -include *.d mwishoni mwa Makefile ili make isome orodha hizo, kisha make clean kufuta .o za zamani.

Hisa zimerudi 12. Kesho riba, na mweka hazina ameshasema daftari lake la karatasi halitupi.