Mitandao ya Kompyuta na Haki ya Kuhakiki

Mtandao wa kompyuta huiimarisha demokrasia pale ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kukagua kinachopita ndani yake, na huidhoofisha pale ambapo uwezo huo, pamoja na ule wa kuuzima, unabaki kwa wachache.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8, na sehemu kubwa ya hoja ilihusu namna matokeo yalivyosafirishwa kwa njia ya elektroniki, kwa kuwa mshindi alitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapatikana, na tume ya uchaguzi haikuzifungua kikamilifu seva zake, yaani kompyuta zinazohifadhi matokeo, kama ilivyoagizwa na mahakama. Mwaka 2022 tume iliweka kwenye tovuti ya wazi picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, zikiwa na hesabu zilizoandikwa kwa mkono na sahihi za wasimamizi na mawakala. Aliyekuwa na simu aliweza kufungua fomu ya kituo chake, akailinganisha na ile iliyobandikwa kituoni, kisha akajumlisha mwenyewe. Mabishano hayakwisha, na kesi ilifika tena mahakamani, lakini safari hii hata mpiga kura asiye na cheo alikuwa na ushahidi wa kushika mkononi.

Estonia, inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005, humruhusu mpiga kura kubadilisha kura yake ya mtandaoni, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Hivyo anayeshurutishwa ana nafasi ya kujinasua baadaye. Naupenda sana utaratibu huo.

Kuhusu kuzima, Misri ilitufundisha mapema. Usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, wakati wa maandamano ya kumpinga Rais Hosni Mubarak, amri ya serikali kwa kampuni chache za intaneti ilitosha kuitenga karibu nchi nzima na intaneti hadi Februari 2. Waandamanaji hawakurudi nyumbani, lakini wananchi walinyang'anywa habari siku walizozihitaji kuliko zote.

Linalonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni matangazo ya siasa yanayolengwa mtu mmojammoja. Mwaka 2018 Facebook ilikiri kuwa taarifa za watu wapatao milioni 87 huenda zilifikia isivyostahili kampuni ya Cambridge Analytica, iliyotumia taarifa za watu kulenga matangazo ya siasa. Jukwaani, mgombea akiahidi jambo, wafuasi na wapinzani humsikia kwa pamoja, na mwandishi wa habari anaweza kumuuliza kesho yake. Ahadi inayotumwa kwa siri kwa kundi dogo haina wa kuihoji, na kundi la pili laweza kuahidiwa kinyume chake. Kwa sababu hiyo nataka sheria iwalazimishe wagombea kuweka hadharani kila tangazo wanalolilipia, gharama yake, na watu waliolengwa, kabla ya siku ya kura.